KIZUNGUZUNGU CHA KUINUKA SIJDANI: JINSI MWILI UNAVYOGAWA DAMU



Huenda umewahi kuliona jambo hili msikitini kwenu. Imamu anatoa takbira ya kuinuka kutoka sijda ya pili, safu nzima inasimama, lakini mzee mmoja anayumba na kushika bega la jirani yake. Anafumba macho kidogo, anatulia, kisha anaendelea na swala yake. Wakati mwingine mambo hayaishii kwenye kuyumba, mzee anaanguka. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Huyu atasema presha imepanda, yule atasema ni njaa, na mwingine atanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu.

Katika safu yetu ya leo nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwani kuinuka kutoka sijdani ni mtihani mkubwa kwa moyo na mishipa ya damu. Mtihani huo tunaufanya mara nyingi kila siku bila kuufikiria. Ukiuelewa, utajua jinsi mwili unavyogawa damu kwa viungo vyake, na huenda ukamkinga baba yako au mama yako na jambo lililompata mtu ninayempenda sana.

Kisa cha Maalim wangu

Maalim aliyenifundisha Qur'an utotoni alikuwa na presha ya kupanda kwa miaka mingi, na kila mwezi alikuwa akija kuchukua dawa kwenye zahanati niliyokuwa nikifanya kazi. Siku moja, katika mwezi wa Shaaban, nilimwamkia kama kawaida, akaitikia, akaketi, kisha akaniambia:

"Mwanangu, hizi dawa siku hizi sizielewi. Nikiinuka sijdani naona kiza na dunia inazunguka."

Nikampima akiwa ameketi pale kwenye kiti. Mashine ikasoma 132 kwa 80. Nikafurahi. "Alhamdulillah Maalim, presha yako nzuri kabisa. Endelea na dawa zako," nikamwambia. Nikamwandikia zile zile, nikaita mgonjwa mwingine, kwani foleni ilikuwa ndefu.

Ramadhani ilipoingia, Maalim akaanguka katika swala ya tarawehe. Watu wema waliomwinua wakamshauri kuwa dawa ndizo zinazomwangusha, basi aziache. Akaziacha. Hakuja kuniambia, na mimi sikwenda kumuuliza. Kizunguzungu kikaisha kweli, naye akaamini kuwa amepona. Mwezi wa Mfunguo Tatu akapata kiharusi. Mkono wake wa kulia, ule uliokuwa ukishika kijiti cha kutuonyesha herufi, hauinuki tena, na ulimi wake umekuwa mzito.

Ndugu msomaji, Maalim alinieleza tatizo lake kwa maneno sahihi kabisa. Yeye alikuwa akizungumzia kusimama, mimi nikampima amekaa. Kosa lilikuwa langu.

Tangi moja, koki nyingi

Fikiria sehemu ya kutawadhia msikitini. Juu kuna tangi, chini kuna bomba kubwa, na kwenye bomba hilo kuna koki kumi au kumi na mbili. Watu watatu wakifungua koki, maji yanatoka kwa nguvu. Siku ya Ijumaa koki zote zikifunguliwa kwa pamoja, kila mtu anapata uzi mwembamba wa maji, na yule wa mwisho hapati kitu.

Mwili nao uko hivyo hivyo. Mtu mzima wa wastani ana damu kiasi cha lita 5. Moyo wake ukiwa umetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo husukuma takriban mililita 70. Maana yake ni kuwa kwa dakika moja moyo husukuma karibu lita 5, yaani damu yote ya mwili. Kwa siku moja ni zaidi ya lita 7,000, sawa na matangi 7 makubwa ya lita elfu moja moja.

Damu hutoka kwenye moyo kwa mishipa minene iitwayo ateri. Ateri hugawanyika na kuwa vijiateri vyembamba, ambavyo upana wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Baada ya hapo hufuata vishipa vidogo kuliko vyote, yaani kapilari, ambavyo ni vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita kwa kufuatana moja moja. Humo kwenye kapilari ndimo hewa safi na chakula vinapotolewa na taka kuchukuliwa. Kisha damu hurudi kwenye moyo kwa mishipa ya vena.

Koki za mwili ni vile vijiateri. Kuta zake zina misuli inayoweza kukaza au kulegea. Nguvu ya koki hizi ni kubwa kuliko unavyodhani. Upana wa kijiateri ukipungua nusu, damu inayopita haipungui nusu, bali hubaki kiasi cha sehemu 1 tu kati ya 16 kwa msukumo ule ule. Kwa hiyo kukaza kidogo tu kunatosha kuinyima sehemu moja damu na kuipeleka kwingine.

Elimu hii ilivyopatikana

Kwa karne nyingi matabibu walifuata kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani, kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu vilivyomo kwenye ukuta wa katikati. Tabibu wa Kiislamu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288, aliikataa kauli hiyo. Katika sherehe yake ya kitabu cha Ibn Sina, aliyoiandika mwaka 1242, alieleza kuwa ukuta ule hauna vitundu, na kwamba damu hupita kwanza kwenye mapafu, huko ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto wa moyo.

Mwaka 1628 tabibu wa Kiingereza William Harvey alionyesha kuwa damu ya mwili mzima huzunguka na kurudi pale ilipoanzia. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia akaziona kapilari kwa hadubini kwenye mapafu ya chura. Maandishi ya Ibn al-Nafis yalikuwa yamesahaulika, mpaka mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alipoyakuta maktabani mjini Berlin.

Nani anapata kiasi gani?

Mwili unapokuwa umepumzika, mgawo wa zile lita 5 kwa dakika huwa takriban hivi: ini na utumbo hupata kama robo nzima. Figo mbili, ambazo uzito wake kwa pamoja ni kiasi cha gramu 300 tu, hupata karibu sehemu moja ya tano, kwa kuwa kazi yake ni kuichuja damu. Misuli ya mwili nayo hupata kama sehemu moja ya tano. Ubongo, ambao ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hupata asilimia 15. Misuli ya moyo wenyewe hupata asilimia 5, na kinachobaki huenda kwenye ngozi, mifupa na kwingineko.

Mgawo huu hubadilika kila mara. Ukikimbia au ukilima, moyo husukuma lita 15 au 20 kwa dakika, na sehemu kubwa ya damu hiyo huenda kwenye misuli, huku utumbo na figo zikipunguziwa. Ukila chakula kingi, utumbo huvuta damu zaidi. Joto likizidi, damu hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, na katika joto kali sana ngozi peke yake huweza kuchukua lita 6 hadi 8 kwa dakika. Ukitawadha kwa maji ya baridi alfajiri, vijiateri vya ngozi hukaza na damu hurudi ndani kulinda joto la mwili.

Kiungo kimoja tu hakibadilishiwi mgawo wake ovyo, nacho ni ubongo. Ubongo hauna ghala la hewa wala chakula. Damu ikikatika kabisa kwenda huko, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya utaratibu huu wote ni kuhakikisha kwamba damu ya ubongo haikatiki.

Nani anafungua na kufunga koki?

Kwanza, ni sehemu yenyewe yenye haja. Msuli unapofanya kazi hutoa hewa chafu, asidi na taka nyingine, na taka hizo hizo hulegeza vijiateri vilivyo jirani. Kwa hiyo mwenye kazi nyingi hujifungulia koki mwenyewe bila kusubiri amri.

Pili, ni utando laini uliotanda ndani ya mishipa yote. Damu inapopita kwa kasi, utando huu hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza misuli ya mshipa. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuifichua kazi ya gesi hii. Sigara, kisukari na presha ya muda mrefu huuharibu utando huo, na mishipa ikawa migumu kama mpira uliokaa juani.

Tatu, ni ubongo kupitia mishipa ya fahamu. Shingoni, karibu na pembe ya taya pale unapoweza kuhisi mapigo, na kwenye ateri kubwa inayotoka moyoni, kuna vihisio vinavyopima mvutano wa ukuta wa mshipa kwa kila pigo la moyo. Presha ikishuka, vihisio hivyo hupunguza ishara zake, na shina la ubongo huamuru mara moja moyo uongeze kasi na vijiateri vya utumbo, ngozi na misuli vikaze.

Nne, ni figo. Figo zikipata damu kidogo hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo huanzisha mlolongo wa kukaza mishipa na kuzuia chumvi na maji visipotee kwenye mkojo. Utaratibu huu ni wa polepole, lakini athari yake hudumu.

Kinachotokea unapoinuka sijdani

Katika sijda kichwa kiko chini ya moyo, na damu hukifikia bila taabu. Unaposimama, kichwa kinakuwa juu ya moyo, na kati ya nusu lita na lita moja ya damu huvutwa kwenda chini, ikajikusanya kwenye vena za miguu na tumbo. Vena zina kuta laini na hubeba zaidi ya nusu ya damu yote ya mwili, hivyo ni rahisi kujaa. Damu inayorudi moyoni hupungua, na presha huanza kushuka.

Kwa mtu mwenye afya, vihisio vya shingoni hugundua upungufu huo hapo hapo. Moyo huongeza mapigo, vijiateri na vena hukaza, na misuli ya miguu huzikamua vena ili damu ipande. Vena za miguu zina vali ndogo ndogo zinazozuia damu isirudi chini. Yote haya hukamilika katika sekunde chache, kabla hata imamu hajaanza kusoma.

Ukisimama muda mrefu bila kutikisika, msaada wa misuli ya miguu hukosekana. Ndiyo sababu wanafunzi huanguka kwenye gwaride juani. Kunyanyua visigino na kukaza mapaja kila baada ya muda kunatosha kuwasaidia.

Kwa nini utaratibu huu hushindwa?

Uzee huvifanya vihisio kuwa vizito na mishipa kuwa migumu. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu inayopeleka amri. Kuharisha, kutapika, kutoka damu au kutokunywa maji ya kutosha hupunguza damu yenyewe, na hapo hata koki zikikazwa tangi ni tupu.

Kisha kuna dawa. Amlodipini na nifedipini hulegeza misuli ya vijiateri. Kaptoprili, enalaprili na losartani hukata ule mlolongo wa figo. Dawa za kukojosha hupunguza maji mwilini. Atenololi huzuia moyo usiongeze kasi. Zote hizi ni dawa nzuri zinazookoa maisha, lakini kila moja inashika koki yake, na mzee anayetumia tatu kwa pamoja hubakiwa na koki chache za kujiokoa anapoinuka. Aidha, baadhi ya dawa za tezi dume, za usingizi na za msongo wa mawazo hushusha presha ya kusimama.

Hapa kuna jambo linalofichwa majumbani. Baadhi ya wanaume hutumia kwa siri vidonge vya nguvu za kiume. Vidonge hivyo hufanya kazi kwa kulegeza mishipa ya damu kupitia njia ile ile ya naitriki oksaidi. Vikikutana na dawa za maumivu ya moyo za aina ya naitreti, presha huweza kuporomoka na mtu akafa. Hakuna haya katika kumwambia tabibu wako. Siri yako ni amana kwake.

Kuacha dawa si tiba

Ndugu msomaji, hapa ndipo Maalim wangu alipopotezwa. Presha iliyokaa juu kwa miaka haina maumivu, lakini hugonga kuta za mishipa ya ubongo, moyo na figo usiku na mchana. Kizunguzungu kinaisha dawa zikiachwa, lakini ile hatari kubwa inarudi kimya kimya. Tiba ya kizunguzungu cha dawa ni kwenda kurekebishiwa dawa, ama kwa kupunguza kipimo, kubadili aina au kubadili saa ya kunywa.

Vile vile presha haishushwi kwa pupa. Ubongo wa mtu mwenye afya huweza kujipatia mgawo wake wa damu bila kubadilika wakati wastani wa presha uko kati ya 60 na 150 hivi. Kwa mwenye presha ya miaka mingi, mipaka hiyo husogea juu. Ukimshusha ghafla, ubongo wake huona kiu ya damu hata kama mashine inasoma namba ambayo kwa mwingine ni nzuri. Zamani ilikuwa kawaida kumtafunisha mgonjwa nifedipini au kumwekea chini ya ulimi ili presha ishuke haraka. Mtindo huo uliachwa baada ya kuonekana kuwa ulisababisha viharusi na mshtuko wa moyo. Ukisikia mtu bado anashauri hivyo, mkatalie.

Mwezi wa Ramadhani

Mwezi huu unahitaji maandalizi. Mfungaji hupungukiwa na maji mchana kutwa, hasa katika miji yetu ya joto. Jioni anafuturu kwa chakula kingi, utumbo unavuta damu, na kwa wazee presha hushuka zaidi katika saa moja au mbili baada ya kula. Muda huo ndio wa Isha na tarawehe, wakati wa kusimama kwingi. Si ajabu kuwa wengi huanguka hapo.

Mwenye kutumia dawa amwone tabibu wake katika mwezi wa Shaaban, asingoje mwezi uandame. Dawa za kunywa mara tatu huweza kubadilishwa ziwe za mara moja, na dawa za kukojosha hupangiwa saa inayofaa. Asijipangie mwenyewe kwa kumeza vidonge vya siku nzima kwa pamoja wakati wa daku. Afuturu kwa tende na maji, aswali Magharibi, kisha ale kidogo kidogo badala ya kushiba kwa mara moja. Na kama tabibu amesema kufunga ni hatari kwake, alipeleke jambo hilo kwa masheikh, kwani dini yetu haikumbebesha mgonjwa asichokiweza.

Nini cha kufanya nyumbani

1. Pima presha ya kusimama. Mtu alale au akae kwa utulivu dakika 5, apimwe, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3, huku mtu akiwa karibu kumdaka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika kwenye karatasi na uipeleke kwa tabibu. Kama hakukupima umesimama, mwombe akupime.

2. Inuka kwa hatua. Asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, chezesha miguu, ndipo usimame. Katika swala, mzee asikimbizane na vijana. Anaweza kutulia kidogo katika kikao kabla ya kuinuka, na kushika ukuta au kiti.

3. Asiyeweza kusimama asijilazimishe. Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na bawasiri, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, naye akamwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Kiti msikitini si aibu.

4. Angalia choo. Kuchutama kisha kuinuka ghafla ni mtihani kama wa sijda. Usiku wa manane, mtu akitoka kitandani akiwa na joto la usingizi, hatari huongezeka. Weka nondo au kipande cha bomba imara ukutani cha kushikia, taa, na asisimame wakati wa kukojoa.

5. Kunywa maji ya kutosha, ila kama umeambiwa na tabibu upunguze kwa sababu ya moyo au figo. Maji ya kuoga ya moto sana hulegeza mishipa ya ngozi, hivyo mzee aoge ya uvuguvugu.

6. Mama mjamzito, hasa mimba ikiwa kubwa, asilale chali muda mrefu. Mji wa mimba hukandamiza vena kubwa inayorudisha damu moyoni, akaona kiza. Alalie ubavu, hasa wa kushoto.

7. Usimlambishe mtu chumvi kwa dhana tu kuwa presha imeshuka. Wengi wao ni wagonjwa wa presha ya kupanda.

Mtu akianguka

Kosa tunalolifanya wengi ni kumkalisha au kumsimamisha haraka, huku tukimzingira. Yeye ameanguka kwa sababu damu haikumfika kichwani, nasi tunakipandisha kichwa kile kile juu. Mlaze hapo hapo chali, inua miguu yake juu ya mto au kiti, legeza nguo za shingoni, na watu wampishe hewa. Usimtie maji mdomoni mpaka awe na fahamu kamili. Akizinduka, akae kwanza kwa muda ndipo asimame.

Mkimbize hospitali bila kusubiri ukiona mojawapo ya haya: mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawa, kifua kinamuuma, moyo unakwenda mbio ovyo, amepata choo cheusi kama lami, amegonga kichwa, au hazinduki ndani ya dakika moja au mbili. Ikiwa hapumui, piga kelele ya msaada na mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, bila kuacha, mpaka msaada ufike.

Mwisho

Siku hizi nampima kila mzee akiwa amekaa na akiwa amesimama. Inanichukua dakika 4 zaidi, na foleni bado ni ndefu. Maalim naye tumemrudishia dawa, mbili badala ya tatu, na anaswali kwa kukaa. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimwomba radhi tena. Alinyanyua mkono wake wa kushoto, akauweka kichwani pangu, akasema kwa taabu, "Wafundishe na wenzako."

Basi nami nimekuandikia wewe. Leo usiku, kabla baba au mama hajalala, muulize swali moja: "Ukiinuka sijdani unajisikiaje?" Akikwambia anaona kiza, usimwambie ni uzee, na usimwambie aache dawa. Mpeleke akapimwe amesimama.

Wabillahi tawfiiq.